Mapambo kwenye runinga: Mbunifu chipukizi ajue nini kabla ya kutoa mali kauli?

Na Mwandishi Wetu

MTO Mara, ukielekea Ziwa Victoria, hupita kati ya Wilaya za Tarime na Serengeti. Kaskazini mwa mto huo, Nyamongo, mgodi mkubwa wa North Mara umekuwa ukichimba dhahabu tangu mwaka 2002. Kusini ni Wilaya ya Serengeti, yenye Kata ya Kisaka.

Dhahabu ya mgodi huo huondoka ikiwa mikuo. Sehemu ndogo ya dhahabu ya dunia ndiyo humrudia mwanakijiji wa ukanda huu, nayo humfikia ikiwa pete au mkufu uliotengenezwa kwingine, kwa bei iliyokwisha kupanda njiani.

Hata hivyo, wenyeji wa maeneo haya hawakusubiri mgodi ndipo wajue thamani ya pambo. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na jirani zao wamevaa shanga, vikuku na mapambo ya masikio kwa vizazi vingi, hasa katika ngoma na sherehe za jando. Mikono inayojua kazi hiyo ingalipo.

Swali ambalo vijana wengi wenye ufundi huo hujiuliza ni hili: je, kazi ya mikono yao inaweza kumfikia mnunuzi wa mbali ambaye hatafika kamwe mnadani Mugumu wala sokoni Tarime? Katika nchi zilizoendelea, mojawapo ya njia zilizowafikisha wabunifu wengi ni kuuza kwa njia ya televisheni.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo ilianzaje, inavyoendeshwa, namna vito vya Tanzania vilivyokwisha kupita humo, na mitego inayomngoja mbunifu mwenye mtaji mdogo.

Ilianza kwa deni la matangazo

Chimbuko la biashara hii ni Marekani, na halikuwa la kupangwa. Mwaka 1977, mteja wa kituo kimoja cha redio katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, alishindwa kulipa deni la matangazo. Badala ya fedha akatoa vifaa vya umeme vya kufungulia makopo. Mtangazaji akavinadi hewani, navyo vikaisha.

Mwenye kituo, Lowell Paxson, pamoja na mwenzake Roy Speer, walilihamishia jambo hilo kwenye televisheni ya mji huo mwaka 1982. Mwaka 1985 wakaanza kurusha matangazo nchi nzima kwa jina la Home Shopping Network. Mwaka uliofuata, Joseph Segel akaanzisha QVC katika jimbo la Pennsylvania.

Haikuchukua muda mapambo kuwa miongoni mwa bidhaa kuu za vituo hivyo. Sababu zake zinaeleweka. Pete ni ndogo, haiozi, na gharama ya kuisafirisha ni ndogo ukilinganisha na bei yake. Zaidi ya hayo, hung'aa vizuri mbele ya kamera.

Mchekeshaji Joan Rivers alianza kuuza mapambo yake kupitia QVC mwaka 1990, wakati ambapo watu wengi mashuhuri waliona aibu kuonekana wakinadi bidhaa kwenye runinga. Aliendelea na biashara hiyo hadi alipofariki dunia mwaka 2014. Mafanikio yake yaliwaonyesha wabunifu wengine kwamba mtazamaji hanunui pete peke yake, bali pia maelezo ya mtu aliyeibuni.

Huko Uingereza, kituo cha Gems TV kilichoanza mwaka 2004 kilileta mtindo wa mnada wa kushuka. Bei huanzia juu na kuteremka kadiri dakika zinavyokwenda, na wanunuzi hulipa bei ya chini kabisa iliyofikiwa. Mapambo yake yalikuwa yakitengenezwa katika mji wa Chanthaburi, Thailand.

Tanzanite ilivyopita kwenye kioo

Mtanzania asidhani kuwa jambo hili ni geni kwake. Vito vya nchi hii vimenadiwa kwenye televisheni za ughaibuni kwa miaka mingi.

Tanzanite iligunduliwa Mererani, mkoani Manyara, mwaka 1967. Serikali ilimtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alimzawadia Sh100 milioni. Jina 'tanzanite' lilitangazwa mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany ya New York.

Kito hicho kililifaa soko la runinga kuliko vingi. Rangi yake ya samawati iliyochanganyika na zambarau huonekana wazi kwenye kioo, kinapatikana mahali pamoja tu duniani, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya yakuti samawi. Mtangazaji alikuwa na hadithi ya kusimulia.

Lakini mwaka 2001 biashara hiyo ilipata pigo. Mwezi Novemba, gazeti la The Wall Street Journal la Marekani lilichapisha habari iliyohusisha biashara ya tanzanite na mtandao wa Al-Qaeda. Wauzaji wakubwa, wakiwemo Tiffany na QVC, walisitisha kuuza kito hicho.

Februari 2002, wawakilishi wa Serikali ya Tanzania na wafanyabiashara wa vito walikutana Tucson, jimbo la Arizona, na kutia saini makubaliano ya kufuatilia njia ya tanzanite kuanzia mgodini. Mwaka huohuo, chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kiliiingiza tanzanite katika orodha ya vito vya kuzaliwa vya mwezi Desemba, na soko likarejea.

Tukio hilo lina funzo kwa mbunifu wa leo. Soko la runinga hukua kwa haraka, na hufungwa kwa haraka vilevile. Mchimbaji wa Mererani hakuulizwa neno siku soko lilipofungwa. Mtu asiye na daftari la kuonyesha mali yake ilikotoka ndiye wa kwanza kuachwa.

Funzo la pili ni kuhusu faida. Sehemu kubwa ya tanzanite ilitoka nchini ikiwa ghafi na kukatwa Jaipur, nchini India. Kampuni ya Vaibhav Global ya mji huo leo inamiliki kituo cha Shop LC cha Marekani na TJC cha Uingereza. Kwa maneno mengine, karakana na runinga ziko mkononi mwa mwenye mali mmoja, na faida ya hatua zote mbili hubaki kwake.

Kito kinavyofika hewani

Kwa kawaida safari ya pambo hadi kwenye runinga ina hatua tano.

Kwanza, mbunifu hupeleka sampuli kwa mnunuzi wa kituo. Huyu si mtangazaji, bali ni mtaalamu anayeamua bidhaa ipi ipewe dakika.

Pili, sampuli hupimwa. Karati huhakikiwa, vishikizo huvutwa, na mng'aro huchunguzwa kama unachubuka.

Tatu, kituo huagiza idadi. Hapa ndipo wabunifu wengi chipukizi hukwama, kwa sababu kituo hakiwezi kunadi hereni jozi kumi. Kinataka mamia, na wakati mwingine maelfu, zote zikiwa sawa na ile iliyoonyeshwa hewani.

Nne, bidhaa hunadiwa kwa dakika chache, na mauzo huhesabiwa kwa kila dakika. Bidhaa isiyouzika huondolewa na nafasi yake kupewa nyingine.

Tano ni marejesho. Mnunuzi hakulishika pambo kabla ya kulipia, hivyo hupewa haki ya kulirudisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, sheria humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia kwa bidhaa nyingi. Vituo vingi huongeza siku zaidi kwa hiari yao.

Mzigo wa mali kauli

Wafanyabiashara wetu wana neno linaloeleza mkataba wa namna hii vizuri kuliko lugha ya wanasheria: mali kauli. Mwenye mali huitoa kwa ahadi, akalipwa kile kilichouzwa na kurudishiwa kilichobaki.

Mikataba mingi ya vituo vya runinga hufanana na hiyo. Kituo huwa na haki ya kumrudishia mbunifu mali isiyouzwa pamoja na ile iliyorudishwa na wanunuzi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mbunifu anatengeneza jozi 400 za hereni, kila jozi ikimgharimu Sh9,000. Mtaji wake ni Sh3.6 milioni. Amekubaliana na kituo alipwe Sh15,000 kwa kila jozi iliyouzwa na isiyorudishwa.

Zikiuzika zote na kubaki kwa wanunuzi, atapokea Sh6 milioni. Faida yake, kabla ya nauli na kodi, ni Sh2.4 milioni.

Lakini tuseme ziliuzwa jozi 250, kisha wanunuzi wakarudisha 50. Zinazolipwa ni 200, sawa na Sh3 milioni. Mbunifu anabaki na pengo la Sh600,000, jozi 200 mkononi, na gharama ya kuzirudisha nyumbani. Ikiwa mkataba unasema atalipwa baada ya siku 60, muda wote huo hana fedha ya kununulia malighafi nyingine.

Kwa bei hizo, jozi 240 ndizo zinazorudisha mtaji. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mbunifu anapaswa kuijua kabla ya kutia saini, kwa bidhaa yake na kwa bei zake.

Angalizo ni kwamba katika mfano huo mtazamaji aliipenda kazi, jozi 250 zikauzwa, na bado mbunifu akapata hasara. Kwa hiyo kusifiwa hewani si kipimo cha faida.

Karati, nikeli na nyara za Serikali

Runinga haimsamehi muuzaji anayesema lisilo kweli, kwa kuwa maneno yake husikiwa na watu wengi kwa wakati mmoja na hurekodiwa.

Dhahabu safi ni karati 24. Karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, karati 14 ina 585, na karati 9 ina 375. Sehemu iliyobaki ni shaba, fedha au madini mengine yanayoipa ugumu. Pambo la shaba lililopakwa dhahabu linapaswa kuitwa hivyo, wala si 'dhahabu'.

Nchini Uingereza, Sheria ya Mihuri ya mwaka 1973 inataka pambo linalouzwa kama dhahabu, likizidi gramu moja, lipimwe na kugongwa muhuri. Kwa fedha kikomo ni gramu 7.78. Kazi hiyo hufanywa na ofisi za London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo cha nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi, hususan hereni, kwa sababu madini hayo huwaletea watu wengi muwasho.

Kuhusu vito, mbunifu aseme pia udhaifu wake. Tanzanite, kwa mfano, si ngumu kama yakuti. Inafaa zaidi kwa hereni na kidani kuliko pete ya kuvaliwa shambani au jikoni kila siku. Mnunuzi asiyeelezwa hivyo atairudisha ikiwa imekwaruzika.

Kwa mbunifu wa Kisaka lipo onyo jingine lenye uzito wa pekee. Wilaya ya Serengeti inapakana na hifadhi, na masalia ya wanyamapori huonekana. Meno ya tembo, kucha na meno ya simba, magamba ya kakakuona na mengine ya aina hiyo ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai, hata kama mtu aliyaokota njiani.

Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989. Hakuna kituo makini kitakachogusa pambo la namna hiyo.

Dhahabu hainunuliwi uchochoroni

Kuishi jirani na machimbo hakumpi sonara ruhusa ya kununua dhahabu kwa mchimbaji yeyote. Sheria ya Madini inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na leseni.

Mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya zuio ya asilimia 5 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwa madini wanayouza katika masoko hayo. Juni 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa jijini Mwanza na Rais Samia Suluhu Hassan.

Kwa mbunifu, hatua hizo zina maana moja kubwa: inawezekana leo kununua dhahabu yenye uzito na usafi uliopimwa, na kupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ndiyo itakayomjibia siku mnunuzi wa ughaibuni atakapouliza dhahabu ilitoka wapi.

Asiye na mtaji wa dhahabu si lazima aanzie hapo. Shaba, fedha, shanga, mbao na pembe za ng'ombe ni malighafi halali zinazoweza kubeba ubunifu wa mahali. Jijini Nairobi, karakana ya Kazuri ilianza mwaka 1975 kwa shanga za udongo na wanawake wawili. Baadaye ikaajiri mamia na kuuza shanga hizo nje ya Kenya.

Mkusanyo ni nini?

Neno hili huwachanganya wengi. Mkusanyo si rundo la vitu vizuri. Ni mapambo machache yenye wazo moja, kwa mfano mkufu, hereni, bangili na pete zenye umbo au rangi inayofanana, ili aliyenunua kimoja atamani kingine.

Katika runinga, mkusanyo wa vipande sita vinavyoweza kurudiwa mara mia hushinda vipande 60 visivyofanana. Hivyo mbunifu anahitaji kalibu, vipimo vilivyoandikwa na mizani sahihi. Kazi ya mkono inaruhusiwa kutofautiana kidogo, lakini tofauti hiyo itajwe hewani mapema.

Njia iliyo karibu zaidi

Televisheni iliingia Tanzania Bara mwaka 1994, zaidi ya miaka 20 baada ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1973. Kwa mbunifu wa hapa nchini, namna ya kawaida ya kuuza kwa njia hiyo ni kununua muda wa matangazo, kisha namba ya simu ikaandikwa chini ya kioo. Katika utaratibu huo kituo hulipwa hata kama hakuna kilichouzwa, hivyo hatari yote ni ya mwenye mali.

Jambo lililobadilisha hali ni malipo kwa simu, yaliyoshika kasi baada ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008. Mnunuzi aliye Mbeya anaweza kulipia pambo la Kisaka kwa dakika moja, na mzigo ukasafirishwa kwa basi.

Aidha, kuuza mubashara kupitia mitandao ya kijamii sasa kunafanya kazi ileile ya runinga kwa gharama ndogo. Kijana huonyesha pambo, hujibu maswali na kupokea oda papo hapo. Hii ni shule nzuri: atajua ni pambo lipi linaulizwa, lipi linarudishwa, na kwa nini. Anayekwenda kwa mnunuzi wa kituo kikubwa akiwa na hesabu za mauzo ya miezi sita husikilizwa kuliko anayekwenda na sampuli tupu.

Milango ya vituo vya nje pia haijafungwa. Mwaka 2019 QVC na HSN, ambazo tayari zilikuwa chini ya kampuni moja, zilianzisha usaili wa kutafuta wajasiriamali wapya uitwao The Big Find, na mapambo yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi watano wenye vipimo vya aina moja kinaweza kutimiza oda ambayo fundi mmoja hawezi.

Jina la biashara na alama yake visajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Umbo zuri likishaonekana kwenye kioo, huigwa haraka.

Maswali kabla ya kutia saini

Mbunifu anayepewa mkataba na kituo chochote aulize yafuatayo, na majibu yawe kwa maandishi:

- Je, kituo kinanunua mali moja kwa moja, au ni mali kauli?
- Malipo hufanyika baada ya siku ngapi, na kwa fedha ya nchi gani?
- Nani analipia usafiri wa kwenda, na nani wa mali inayorudi?
- Pambo lililorudishwa likiwa limeharibika, hasara ni ya nani?
- Je, mbunifu anaruhusiwa kuuza mkusanyo huohuo kwingine?
- Michoro na kalibu ni mali ya nani baada ya mkataba kwisha?

Swali la mwisho husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote. Mwenye kalibu ndiye mwenye bidhaa. Anayeitoa kwa oda moja amekwisha kuuza oda zote zijazo.

Kwa kijana wa Kisaka, basi, hatua ya kwanza si kutafuta kamera. Ni kupata vipimo, stakabadhi na hesabu ya jozi ngapi zitakazomrudishia mtaji. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mali kauli ndiyo inayohitaji daftari kuliko zote.